Panyabuku wa Kiptiget na Kisu cha Kupogolea

Hapo kale, na kale hiyo si ya mbali, palikuwa na bonde la wanyama kando ya Mto Kiptiget, pale mashamba ya chai ya Bureti yanapopanda kuelekea msitu wa Mau. Wanyama wa bonde hilo walikuwa wakulima. Alfajiri walijifunga plastiki viunoni kukinga umande, wakabeba vikapu mgongoni, wakachuma majani mawili na chipukizi, kisha wakayapeleka kituoni kupimwa. Kila mwezi walilipwa kidogo kwa kilo walizopeleka. Fedha nene, yaani bonasi, ilikuja mara moja kwa mwaka, mwezi wa Oktoba, na mwezi huo bonde lilikuwa halilali.

Kati yao aliishi Panyabuku, mama wa watoto watatu. Wote walimwita Mama Buku. Hakuwa mvivu wala mchoyo. Alichuma haraka kuliko wengi, na mgeni hakutoka kwake bila mursik, yaani maziwa ya mgando. Lakini ukoo wa buku umeumbwa na mifuko mashavuni na mazoea ya kubeba: kinachookotwa njiani hutiwa shavuni, kikapelekwa shimoni, kikawekwa. Babu zake waliweka karanga na mahindi. Mama Buku aliweka nguo.

Wala hakuanza mwenyewe. Bonde lilikuwa na desturi iliyotawala kuliko chifu: mnyama alipimwa kwa mavazi yake. Aliyeonekana kanisani Jumapili mbili na vazi lilelile aliulizwa kama kuna mgonjwa nyumbani. Koito ya binti wa jirani, yaani sherehe ya kumposa, ilipotangazwa, akina shangazi walichagua kitambaa chao, akina mjomba chao, na marafiki wa binti chao. Kitambaa kilichovaliwa koito moja kilikuwa mwiko kwenye koito ya pili. Kwaya ilikuwa na sare. Chama cha akina mama kilikuwa na sare. Matanga yalikuwa na fulana zenye picha ya marehemu. Na kila baada ya miaka mitano wagombea waliteremka na malori, wakagawa fulana na leso zenye nyuso zao, wakaondoka. Nyuso zikabaki nyumbani mwa wapiga kura hadi uchaguzi mwingine.

Bonasi ya Oktoba ilipoingia, Mama Buku alilipa karo, akanunua mbolea nusu ya iliyohitajika, kisha akashuka Litein siku ya soko. Alifika kabla Tumbili hajafungua robota. Tumbili alikuwa muuza mitumba, mwenye sauti iliyovuka barabara. Robota lake la kilo 45 lilikaa juu ya turubai, limekazwa kwa mikanda hadi likawa gumu kama jiwe. Alipitisha kisu chini ya mkanda wa kwanza, ukakatika kwa mlio. Wa pili, wa tatu. Na nguo zilizoshindiliwa na mashine katika nchi za mbali zikafura zenyewe, zikamwagika huku zikitoa ile harufu kavu ya ghala ambayo kila mnunuzi wa mitumba anaijua.

“Kastoma wangu!” Tumbili aliita. “Hii ni kamera, haijaguswa! Wewe ndiye mkono wa kwanza!”

Mama Buku alichukua koti zito lililoshonwa kwa ajili ya nchi za theluji. Alichukua gauni lililombana mabegani, kwa kuwa alikusudia kupungua. Jioni, bei zilipoanguka na Tumbili akaanza kuita “Kumi kumi! Maliza fagia!”, alirudi akajaza mashavu yote mawili. Suti ya kiume ilikuwemo, ingawa nyumbani kwake hapakuwa na mwanamume.

“Kwa bei ile, ningeiachaje?” aliwaambia watoto.

Miaka ikapita hivyo. Shimo la Mama Buku lilikuwa na vyumba saba, na mwishowe kila chumba kikapata jina. Cha kwanza kiliitwa Itafaa Siku Moja. Cha pili, Nitapungua. Cha tatu, Nilipewa, maana hapo ndipo zilipolala fulana za wagombea, na zawadi ambazo hakuzipenda ila aliogopa kuzitoa. Cha nne, Sherehe, kilichojaa sare za koito za wasichana ambao sasa walikuwa akina mama. Cha tano, Bei Ilikuwa Nzuri. Cha sita, Watoto Wamekua, chenye sweta za shule zilizowabana watoto wote watatu. Cha saba kilikuwa cha kulala, na nusu yake ilishikwa na sanduku la nguo za marehemu mama yake, ambalo hakuwahi kulifungua wala kulisogeza.

Nguo alizovaa zilikuwa chache tu: gauni mbili za shambani, moja ya kanisani, na sweta ya kahawia iliyotoboka kiwiko. Zilizobaki alizihudumia. Alizianua mvua ilipotisha, akazianika jua lilipochungulia, akazikagua kwa ajili ya nondo, akazikunja, akazihamisha kutoka chumba hiki hadi kile ili apate njia. Asubuhi alipoteza muda akitafuta soksi chini ya makoti. Alipofika shambani, umande ulikuwa umekwisha kukauka na jirani zake walikuwa na nusu kikapu.

Chai haimngoji mtu. Shina lisipochumwa ndani ya wiki moja au mbili, chipukizi hurefuka na majani hukomaa, na karani wa kituo huyatupa kando akisema hayo si majani ya kiwandani. Mama Buku alianza kurudi nyumbani na majani yaliyokataliwa. Tena mashina yake yalikuwa hayajapogolewa kwa miaka saba. Yalikuwa yamerefuka, matawi yakisongana ndani, na vidole vyake havikufika tena juu ya meza ya kuchumia.

Jirani yake, Mzee Nungunungu, alikuwa mpogoaji. Kazi hiyo alirithi kwa babake, na bonde zima lilimwita kila wakati wa baridi, Juni hadi Agosti, aje na kisu chake kilichopinda.

“Chamgei, mama,” alisema siku moja akiwa mpakani.

“Chamgei mising, Mzee.”

“Mashina haya yamezidi umri. Niite nikukatie. Mwaka wa tatu au wa nne ndio mwisho wa kungoja, nawe umefika wa saba.”

“Mzee, nikikata nitakaa miezi mitatu bila majani. Watoto watakula nini? Afadhali haya machache kuliko kukosa kabisa.”

Nungunungu aliutazama mchai, akatazama na kamba ya kuanikia iliyolemewa na makoti. “Unaogopa kupoteza ulichokwisha kupoteza,” alisema, akaenda zake.

Kisha mvua za masika zikaja. Nchi ya Kericho iko juu, mita 2,000 na zaidi katika sehemu nyingi, na mvua yake ina saa: asubuhi kweupe, mchana mawingu yanashuka kutoka Mau, na alasiri inanyesha, mara nyingine ya mawe. Nguo iliyofuliwa Jumatatu huweza kuanuliwa Alhamisi ikiwa bado baridi kwenye mshono. Mwenye nguo tano huzikausha jikoni juu ya moto. Mwenye vyumba saba hana moto wa kumtosha.

Kuvu ikaingia. Ilianza na madoa meusi madogo kwenye kola za Sherehe, ikapanda ukuta wa Nilipewa, ikafika kwenye sweta. Ukichomoa nguo kutoka chini ya rundo, uvundo ulikushika kooni. Mtoto mdogo wa Mama Buku akaanza kukohoa usiku.

Wala hakuwa peke yake. Mashimo yote ya bonde yalikuwa yamejaa, na malalamiko yakafika kwa Chifu Korongo, mwenye taji la dhahabu kichwani. Chifu akaitisha baraza chini ya mtarakwa mkubwa ukingoni mwa mto.

“Wananchi,” alisema, “shida yetu inajulikana. Hatuna nafasi. Nguo zetu zinaoza kwa kukosa kabati. Ninapendekeza harambee. Kila nyumba ipate kabati lenye milango minne, na kila shimo liongezwe vyumba viwili.”

Walipiga makofi. Kamati ikaundwa papo hapo, na kamati nayo ikaagiza sare.

Kogo Mbega, yaani Bibi Mbega, alishuka kutoka kwenye tawi lake. Alikuwa mzee kuliko wote, na joho lake refu jeupe lilimwangukia mabegani juu ya manyoya meusi.

“Chifu, niruhusu. Bibi zetu walitusimulia jinsi watu wa nchi hii walivyovaa ngozi za mbuzi na za ndama. Baadaye zikaja blanketi. Miaka ya 1920 kampuni za chai zikafyeka vilima hivi, na pamoja na mshahara wa kuchuma ikaja kaptura na shuka ya dukani. Mimi nilipokuwa msichana, kitambaa kilitoka karibu, kwenye viwanda vya Kicomi kule Kisumu na Rivatex kule Eldoret. Mtoto alikuwa na sare ya shule na nguo ya nyumbani, basi. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 milango ya biashara ikafunguliwa, mitumba ikamiminika, viwanda vikalegea. Sisemi turudi kwenye ngozi. Baridi ya huku haina huruma, na mitumba imemvisha mtoto ambaye mzazi wake asingeweza kununua sweta mpya. Nauliza jambo moja tu: kabati likijaa, kamati itatujengea nini?”

“Kogo, tutaangalia hilo likifika,” Chifu alijibu.

“Na mbao zitatoka wapi?”

Chifu aliinua macho, akautazama mtarakwa uliomtia kivuli.

Wakakata. Wakaanza na mtarakwa wa baraza, wakafuata mipodo ya ukingo wa mto, kisha miti midogo iliyoshika udongo kwa mizizi yake. Kwa majuma kadhaa bonde lilinukia mbao mbichi. Mama Buku alipata kabati lenye milango minne, akalisimamisha kwenye njia ya kutokea, maana hapakuwa na mahali pengine. Kwa siku chache nyumba ilionekana pana. Siku ya soko ilipofika, akashuka Litein kutafuta vya kulijazia.

Usiku mmoja wa mwezi wa Mei mvua haikukoma alasiri wala jioni. Kiptiget ikabadilika rangi ikawa nyekundu, ikapanda ukingo ambao sasa haukuwa na mzizi wa kuushika, na ukingo ukamong’onyoka vipande vipande. Maji yakaingia mashimoni.

Mama Buku aliamshwa na kelele za watoto. Maji yalikuwa yamefika magotini. Nguo zilizokuwa sakafuni zilikunywa maji zikavimba, zikaziba mlango wa chumba cha sita, na watoto walikuwa humo ndani. Alivuta koti la theluji. Lilikuwa limenyonya maji hadi likawa zito kuliko yeye. Alivuta suti. Ikakwama kwenye mguu wa kabati. Njia ya nje ilikuwa na kabati, na kabati lilikuwa limeinama likaegemea ukuta wa pili.

Aliyewaokoa ni jirani yao, Fuko. Alisikia mlio kupitia udongo, akachimba kutoka shambani kwake hadi nyuma ya chumba cha sita, akatoboa ukuta, akawatoa watoto mmoja mmoja kwa shingo. Mama Buku alitoka wa mwisho. Alisimama gizani juu ya mteremko, mvua ikimpiga, akavua sweta yake ya kahawia akamfunika nayo mdogo. Katika vyumba saba, nguo iliyofika usiku huo kwa mtoto ilikuwa ile moja aliyoivaa.

Kulipopambazuka, bonde lote lilikuwa nje. Hakuna aliyekufa, ila hakuna shimo lililobaki kavu. Maji yaliposhuka, kila nyumba ilianza kutoa nguo, na zilipotandazwa kilimani, kwa mara ya kwanza wanyama waliona kwa macho yao kile walichokuwa nacho. Nguo zilifunika mteremko kuanzia mtoni hadi kituo cha chai. Wakanyamaza. Kuna methali isemayo mali bila daftari hupotea bila habari. Hapo wakaelewa kwamba mali isiyohesabiwa huweza pia kukaa nyumbani bila habari.

Mama Buku alikwenda kwa Mzee Nungunungu.

“Mzee, nilikukatalia kisu. Sasa nimekuja na kichwa na moyo. Nifundishe kukata.”

“Njoo shambani kwanza,” alisema.

Alimwonyesha mchai uliozidi umri. Akafungua matawi kwa mikono ili mwanga uingie. Ndani mlikuwa na vijiti vikavu, magome yenye kuvu, na matawi yaliyosuguana hadi yakatoa vidonda. Juu tu ndipo palipokuwa na kijani.

“Jambo la kwanza,” alisema, “huwezi kupogoa usichokiona. Ndiyo maana nafungua shina kabla ya kukata. Nguo nazo zitoe zote nje, mchana, pamoja na zile za chini ya sanduku. La pili, naanza na kilichokufa na kilichougua. Hapo hakuna ubishi. La tatu, nakata kwa usawa mmoja, ila naacha tawi moja au mawili yenye majani, shina lipate kupumua mpaka lichipue. Ukikata kila kitu kwa hasira, shina linaweza kufa. La nne, matawi niliyokata siyapeleki kwa jirani wala siyatupi mtoni. Yanabaki chini ya mchai, yanafunika udongo, yanaoza, yanaurudishia nguvu. Na la tano ndilo linalowashinda wengi: baada ya kukata, usiguse kwa muda wa miezi mitatu. Acha shina lijue umbo lake jipya.”

Mama Buku alirudi kilimani. Watoto wake walikaa karibu, na Kogo Mbega akaja kuwa shahidi.

Zilizooza kwa kuvu na zilizochanika zilikuwa nyingi, nazo zikaamuliwa haraka: za pamba zikawa matambara ya jikoni na ya kupangusia vikapu. Fulana za wagombea zilifuata njia hiyohiyo. Kwenye Nitapungua alisita. Alilishika gauni la kubana, akaligeuza, akalitazama tena.

“Mwili wangu ndio huu uliobeba watoto watatu na vikapu vya chai,” alisema mwishowe. “Nivae nguo za huyu.” Akaliweka upande wa kutolewa.

Alipofika kwenye sweta za shule, alianza kuzirundika na zile zilizotoboka, akasema, “Hizi nitawapa akina Fuko. Walitusaidia.”

Kogo Mbega alimzuia. “Mwanangu, usimpe mwenzako kitu ulichoona haya kukivaa, ukakiita shukrani. Matundu yake ziba kwanza. Vifungo vilivyopotea tia vingine. Fua, kausha, kunja, ndipo upeleke. Kilichoshindikana kiwe tambara la nyumbani kwako, kisiwe mzigo wa nyumba ya mtu.”

Ilichukua siku nyingi. Sweta nane zilitoka nzuri, na watoto wa Fuko wakaenda shule bila kutetemeka.

Wako waliochoka wakataka kuzika masalia yao shimoni wamalize. Fuko aliwaita, akawaonyesha alichokutana nacho akichimba: shati lililozikwa miaka iliyopita. Kitambaa kilikuwa cha pamba na udongo ulikuwa umekila chote. Kilichobaki ni uzi wa polista wa mishono, ukichora mabega, mikono na kola, pamoja na vifungo sita vya plastiki vikining’inia mahali pake. Alikiinua, mwanga ukapita katikati. Kando yake lilikuwa gauni la nailoni lililozikwa siku ileile. Hilo lilikunjuka likiwa zima, na ua lake jekundu bado linasomeka.

“Udongo unajua pamba na sufu,” Fuko alisema. “Plastiki haujui, hata ikishonwa ikapendeza. Mnapozika hizi, mnanipa mimi niishi nazo, na wajukuu wangu.”

Basi nguo za polista na nailoni zilizokuwa imara zilitengwa zivaliwe hadi zichakae kabisa, na ikakubaliwa kwamba hizo ndizo za kufikiria mara mbili kabla ya kununua.

Sanduku la chumba cha saba lilibaki la mwisho. Mama Buku alilifungua polepole. Nguo za mamake zilikuwa zimelowa, na nyingi zilikuwa zimekwisha. Katikati alikuta shali ya sufu ya kijani, nzito, iliyotengenezwa pindo kwa mkono. Aliifua peke yake, akaikausha juu ya moto, akaivaa.

“Miaka yote hii imelala gizani,” alimwambia Kogo.

“Sasa anatembea nawe,” Kogo alijibu.

Mwishowe Mama Buku alihesabu za kubaki. Nguo tatu za kuchumia, kwa kuwa katika nchi ya mvua kama ile moja huwa mwilini, moja kwenye kamba na moja ikingoja. Mbili za nyumbani. Moja ya kanisani, na moja ya sherehe. Sweta mbili, koti moja la mvua, shali ya mama. Zote zilienea kwenye rafu mbili. Lile kabati aliling’oa milango, mbao zake zikawa madawati ya watoto kusomea.

Chifu Korongo hakufurahi. Aliitisha baraza tena, safari hii juani, maana mtarakwa haukuwepo.

“Wananchi, heshima ya bonde itakuwaje? Wageni wa koito watatuona tumevaa nguo za mwaka jana!”

Kogo Mbega alisimama. “Mimi nilizaliwa mweupe mtupu, kama watoto wote wa mbega. Nilipokuwa na miezi michache nikabadili, nikapata joho hili jeusi na jeupe. Tangu hapo sijabadili. Yuko hapa asiyenitambua? Yuko aliyewahi kuninyima kiti kwenye koito?”

Hakuna aliyejibu.

“Basi nasema hivi. Sare za koito zilizopona ziwekwe pamoja katika sanduku moja la bonde. Nyumba yenye sherehe iazime, ifue, irudishe. Asiyetaka sare avae nguo yake nzuri aliyo nayo. Fedha zilizokuwa zikienda kwenye vitambaa zimfuate binti, zimnunulie ng’ombe au zimlipie chuo. Na ukingo wa mto tuupande miti ya asili upya, kila nyumba kwa kadiri ya kabati ililopewa.”

Likapita. Hata Chifu alipanda mche wake, mbele ya wote.

Tumbili ndiye aliyekuja na uso wa huzuni. “Mama Buku, mmeamua vizuri, lakini mimi nina watoto. Nitakula nini?”

“Umetuuzia nguo kwa haki,” alimjibu. “Hukutulazimisha. Ila tazama zile tulizobaki nazo: zinahitaji zipu, zinahitaji kupunguzwa, zinahitaji kiraka. Nani atazishona?”

Tumbili akanunua cherehani ya kukanyaga, akaketi kwenye baraza ya duka pale Litein. Aliendelea kuuza mitumba kwa waliohitaji, na kwa mkono wa pili akatengeneza walizonazo. Mteja alipomjia akitaka gauni la tano, alimuuliza lile la kwanza lina kasoro gani, na mara nyingi kasoro ilikuwa ya kushona dakika kumi.

Julai, Mzee Nungunungu alipita na kisu kwenye mashina ya Mama Buku. Shamba likabaki vijiti, kukawa na wanyama waliomwonea huruma. Kwa miezi ile ya kungoja alichuma kibarua kwa majirani, akala kwa kubana. Hakwenda sokoni kununua nguo hata mara moja. Mvua fupi zilipoanza, machipukizi yalitoka kila upande, laini, yakafika kiunoni pake na si zaidi. Mwaka uliofuata alipeleka kituoni majani ambayo karani hakuyatupa, akiwa wa kwanza kwenye foleni, kwa kuwa asubuhi alivaa akatoka. Bonasi ilipokuja, alinunua mbolea yote iliyohitajika na gambuti jipya kwa kila mtoto. Kikohozi cha mdogo kilikuwa kimekwisha tangu shimo lilipoanza kupitisha hewa.

Hekaya imeishia hapo, na sasa nisimame nje ya hekaya niseme linalonichoma.

Hadithi hii ni yetu. Nyumba zetu za Kericho na Bomet, kuanzia Kapsoit hadi Silibwet, zina vyumba vya Itafaa Siku Moja na vya Bei Ilikuwa Nzuri. Mwaka 2019 pekee Kenya iliingiza takriban tani 185,000 za mitumba. Ukizifunga kwa marobota ya kilo 45, ni zaidi ya marobota milioni 4. Nguo hizo zimetuvisha na zimelisha familia za wauzaji na mafundi, na sitaki kuona riziki hiyo ikikanyagwa. Lakini wingi huo hauishii sokoni. Unaingia nyumbani, unakaa, unadai kuoshwa, kuanikwa, kukunjwa na kulindwa na kuvu, na anayelipa gharama hiyo mara nyingi ni mama aliyekwisha kuchuma chai tangu alfajiri.

Mkulima wa chai hahitaji kufundishwa ujasiri wa kupunguza. Anao tayari. Kila miaka mitatu au minne husimama mbele ya shina linalompa chakula, akalikata, akiamini kwamba upungufu wa leo ndio mavuno ya kesho. Ninachoomba ni kwamba imani hiyo ivuke kizingiti iingie chumbani. Tatizo la nguo nyingi haliponywi na kabati kubwa, kama vile mchai uliozidi umri hauponywi na ngazi ya kuchumia.

Kabla ya kumwita seremala, toa nguo zote nje siku ya jua, watoto wakiona. Unazovaa zirudi ndani, pamoja na ile moja ya kumbukumbu, na hiyo uivae. Zinazomfaa mwingine zimfikie zikiwa safi na zenye vifungo vyote. Zilizokwisha ziwe matambara. Kisha kaa miezi mitatu bila kununua, uone kama kuna kitu ulichokikosa. Koito ya binti yako ikitangazwa, kuwa wa kwanza kusema wageni waje na nguo walizonazo. Wengi wanangoja mtu wa kulisema hilo. Fedha utakayobaki nayo ina kazi: mbolea haijatosha, karo inakaribia, na paa la jikoni linavuja.